Jina Nalo Likae Eda

Mwaka 2021 mzee mmoja mwaminifu nusura aitwe mwizi kwa sababu ya neno moja lenye herufi sita. Mzee huyo alikuwa mtunza ghala wa chama kidogo cha wakulima wa mahindi katika wilaya moja ya bara, mkoani Tanga. Neno lenyewe ni python. Katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi neno hilo lilivyomponza, halafu niseme wazi ninaloliamini: kwamba toleo la zamani la lugha ya kompyuta linapostaafishwa, jina la amri yake nalo listaafu pamoja nalo, wala asipewe mrithi jina hilo ilhali wanaolitegemea wangali kazini. Najua wenzangu wengi wa fani hii hawakubaliani nami. Wao wamekwisha sema mengi. Leo ni zamu yangu.

Nianze na msomaji asiye wa fani. Kompyuta hufanya kazi kwa maagizo, na maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalumu. Mojawapo ya lugha hizo ni Python. Iliasisiwa na Mholanzi Guido van Rossum, aliyeanza kuitengeneza mwishoni mwa mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti mjini Amsterdam, akaitoa hadharani mwaka 1991. Jina lake halikutokana na chatu, kama wengi wanavyodhani, bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza lililoitwa Monty Python. Ni lugha nyepesi kujifunza, nami naipenda hadi leo. Msomaji asidhani kwamba ninayemgombeza ni adui yangu.

Ukitaka kompyuta itekeleze maagizo yaliyoandikwa kwa lugha hiyo, huna budi kumwita wa kuyasoma. Unaandika amri python, ukifuatisha jina la faili. Au katika mstari wa kwanza wa faili lenyewe unaandika kwamba msomaji wake aitwaye ni python, na kompyuta inakwenda kumtafuta mwenye jina hilo. Amri, basi, ni mwito. Ni sawa na kusimama uani ukaita, "Salimu!" Anayeitika ndiye atakayefanya kazi uliyoikusudia. Na ikiwa Salimu unayemjua amehama, na chumbani mwake amepanga Salimu mwingine, basi ataitika huyo mwingine, tena kwa adabu zote, na atafanya kazi yako kwa namna anavyojua yeye.

Hilo ndilo lililotokea. Mwezi Desemba mwaka 2008 ilitoka Python 3. Haikuwa nyongeza ya kawaida kama zile za nyuma. Watengenezaji walisema bila kificho kwamba safari hii wanavunja baadhi ya kanuni za zamani ili kurekebisha makosa ya tangu mwanzo. Sikatai kwamba makosa yalikuwapo. Sikatai kwamba lugha mpya ni bora, hasa katika kushughulikia maandishi ya mataifa yote badala ya kudhani kwamba dunia nzima huandika kwa Kiingereza. Lakini lugha iliyobadilishiwa kanuni si ileile tena, hata ukoo ukiwa mmoja.

Chukua hesabu ya kugawanya. Katika Python 2, ukigawanya namba nzima kwa namba nzima, jibu ni namba nzima na sehemu inayozidi hutupwa: 7 kwa 2 ni 3. Katika Python 3, 7 kwa 2 ni 3.5. Chukua kukadiria: ukimwambia wa zamani aikadirie 2.5, atakupa 3; wa sasa atakupa 2, kwa kuwa yeye nusu huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kila mmoja ana hoja yake, na hakuna mwehu kati yao. Lakini majibu ni mbalimbali, na hakuna anayekutahadharisha.

Hapo ndipo penye sumu. Tofauti nyingi kati ya wawili hawa hupiga kelele. Programu ya zamani ikipelekwa kwa msomaji mpya, aghalabu hukwama mstari wa kwanza au wa pili, ikatoa maneno ya makosa, nawe ukajua kwamba umekosea mlango. Hizo siziogopi. Ninazoziogopa ni zile za kimya, ambazo kazi huendelea, karatasi hutoka, na jibu huwa la uongo.

Mwaka 2009 niliwaandikia wale wakulima programu fupi. Mkulima akileta mahindi, hupimwa kwa kilo. Programu huongeza masalio yake ya mzigo uliopita, hugawanya kwa 100 kupata magunia yaliyojaa, na kilo zinazobaki huziweka akiba kwa mzigo ujao. Akileta kilo 350, huandikiwa magunia 3 na masalio kilo 50. Mwishoni programu hujumlisha magunia ya wote. Kazi hiyo ilifanyika zaidi ya miaka kumi bila malalamiko, na mimi nilikuwa nikienda huko kula mahindi ya kuchoma tu.

Mwaka 2021 kompyuta yao ikafa. Wakanunua nyingine iliyokwisha tumika, wakaniita. Nikaipakia mfumo mpya wa jamii ya Linux, nikahamisha programu yangu, nikaita python. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna amri yenye jina hilo. Naomba msomaji aliweke akilini jibu hilo, maana lilikuwa jibu la kweli na la busara. Aliyekuwa akiitwa hakuwapo tena.

Lakini mimi nilikuwa na haraka. Basi la mwisho la kurudi mjini lilikuwa halingojei mtu. Nikatafuta dawa ya upesi, nikaipata: kifurushi kidogo kilichotayarishwa na wagawaji wenyewe wa mfumo ule, na jina lake ni python-is-python3, yaani, python ndiye python3. Kazi yake ni moja tu, kumpa mpya jina la wa zamani. Nikakiweka. Programu ikaenda. Nikaijaribu kwa mkulima wa kilo 350, ikaandika magunia 3, masalio kilo 50. Nikaaga, nikapanda basi, nikalala usingizi.

Kumbe ndani ya kompyuta 350 kwa 100 ilikuwa sasa ni 3.5. Kwenye karatasi ilionekana 3 kwa sababu zamani nilikuwa nimeagiza iandikwe namba nzima peke yake. Katika jumla, hata hivyo, iliingia ile 3.5, na zile kilo 50 zikaingia tena siku mkulima alipoleta mzigo mwingine. Nusu gunia likahesabiwa mara mbili, kesho robo, keshokutwa karibu gunia zima. Baada ya mapokezi zaidi ya mia moja, jumla ilidai magunia 43 ambayo ghalani hayakuwamo.

Kamati ikamwita mtunza ghala. Yeye alikuwa na daftari lake, vijiti vya kalamu vitano vitano, kama alivyofanya tangu ujana. Daftari halikusikilizwa. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, alimwambia neno ambalo sitalisahau: "Mashine haili mahindi, Mzee."

Nilipofika, nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ghala.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ukaisome hiyo mashine yako. Kati yangu na yake, mmoja kasema uongo."

Ilinichukua siku mbili kuligundua kosa, na nusu dakika kulirekebisha. Ilitosha kuongeza mkwaju mmoja mbele ya mkwaju wa kugawanya, alama ambayo kwa matoleo yote mawili maana yake ni "gawanya, utupe kinachozidi." Jumla ikalingana na daftari. Kamati ikamwomba mzee radhi mbele ya wanachama. Lakini alikwisha kaa wiki mbili akitazamwa kwa jicho la pembeni na watu aliowatunzia chakula, na wiki mbili hizo hakuna programu ya kumrudishia.

Utaniambia, ndugu msomaji, kwamba kosa ni langu. Naam, ni langu. Alama ile ya mikwaju miwili ilikuwapo tangu Python 2.2 ya mwaka 2001, nami mwaka 2009 sikuitumia. Mstari wa kwanza wa programu yangu niliuandika python bila namba. Na jibu la kweli la kompyuta mimi mwenyewe ndiye niliyelinyamazisha. Nimekubali yote hayo mbele ya kamati, nayakubali hapa. Lakini kukiri kwangu hakumsafishi aliyenitengenezea kitambaa cha kuzibia mdomo, akakiweka mahali ambapo kila mwenye haraka atakiona. Anayetoa majina kwa ajili ya mamilioni ya watu hana budi kujua kwamba wengi wao wana basi la kuwahi.

Sasa tutazame jinsi jina hili lilivyogawiwa, maana ni kisa cha kustaajabisha. Mwezi Oktoba mwaka 2010 wagawaji wa Arch Linux waliamua kwamba kwao python ni Python 3. Wakati huo Python 2.7 ilikuwa imetoka Julai ya mwaka uleule. Ilikuwa kijana mwenye afya, na programu nyingi duniani zilikuwa zikimtegemea. Mrithi akavishwa kanzu ya baba ilhali baba yuko shambani analima. Mwaka 2011 ikaandikwa hati ya mapendekezo, ile inayoitwa PEP 394, iliyosema kwamba python2 awe wa pili, python3 awe wa tatu, na jina tupu, kwa wakati huo, libaki kwa wa pili. Hapo nawapongeza, walikuwa wamelijua tatizo.

Kisha ikaja siku ya kustaafu. Kwanza ilipangwa mwaka 2015, na mwaka 2014 ikasogezwa hadi 2020. Tarehe 1 Januari 2020 ndiyo iliyokuwa mwisho wa matunzo ya Python 2, na toleo lake la mwisho kabisa, 2.7.18, lilitoka Aprili ya mwaka huo. Je, jina tupu lifanywe nini? Hati ileile ilikuwa imekwisha rekebishwa, na sasa ilimruhusu kila mgawaji kuchagua: python awe wa pili, au awe wa tatu, au asiwepo kabisa, au mwenye kompyuta ajichagulie. Hebu tujiulize, kanuni inayoruhusu kila jambo ni kanuni gani? Red Hat, katika toleo la 8 la mwaka 2019, waliliacha jina tupu bila mwenyewe mpaka msimamizi aamue. Fedora, ndugu wa nyumba hiyohiyo, katika toleo la 31 la mwezi Oktoba mwaka huohuo, wakampa wa tatu. Debian 11 ya mwaka 2021 haikumpa mtu, lakini ikatoa vile vifurushi vya kumpa umtakaye. Apple, kwenye macOS 12.3 ya Machi 2022, wakamwondoa wa zamani. Neno moja, herufi sita, na maana yake inategemea umeingia nyumba ya nani.

Wapo wanaosema kwamba jina ni jina tu, na kwamba ni kawaida lielekee kwa aliye mpya kuliko wote. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mpya angefanya yote aliyoyafanya wa zamani, kisha akaongeza yake. Hivyo ndivyo ilivyo, kwa sehemu kubwa, kati ya toleo dogo na jingine ndani ya Python 3, na huko sigombani na mtu. Lakini anayeongeza si sawa na anayevunja. Jirani zetu wa Kenya walitupa mfano mzuri. Tarehe 1 Juni 2019 ilitangazwa kwao kwamba noti ya zamani ya shilingi elfu moja itakoma, na wananchi wakapewa hadi tarehe 30 Septemba kuibadilisha. Noti mpya ilikuwa na sura nyingine na thamani ileile. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuzitofautisha mkononi, na hakupoteza senti. Katika Python ilikuwa kinyume: sura ileile, thamani nyingine. Benki gani ingethubutu?

Wengine huleta hoja ya walimu, na hii naiheshimu, kwa kuwa nimefundisha vijana. Kitabu kinasema andika python, kijana anaandika, kompyuta inamwambia hakuna kitu kama hicho, kijana anavunjika moyo siku ya kwanza. Ni kweli, nimewaona. Lakini kuna tofauti kati ya kijana aliyekaa mbele ya kioo na faili linalofanya kazi usiku ghalani peke yake. Kijana akiitikiwa vibaya ataona, atauliza, atacheka na wenzake. Faili haliulizi. Kama ni lazima kumrahisishia kijana, aliweke jina analotaka kwenye kompyuta yake, kwa mkono wake, kwa matumizi yake. Lisiwekwe kwa kompyuta nzima, ambamo kila faili la zamani litaitika bila kujua. Na tukiambiwa kwamba kuongeza 3 mwishoni ni usumbufu, nasema huo ni usumbufu wa kidole kimoja, na mimi nimeona usumbufu wa mzee mzima.

Kwamba njia nyingine iliwezekana, ushahidi upo. Lugha ya Perl nayo ilitangaziwa mrithi mwaka 2000, akaitwa Perl 6. Akakua akawa kiumbe tofauti kabisa, huku Perl 5 akiendelea na kazi zake, na watu wakachanganyikiwa kwa miaka mingi. Mwezi Oktoba 2019 wahusika, kwa ridhaa ya mwasisi wake Larry Wall, walikubali kumbadilisha jina mtoto huyo. Sasa anaitwa Raku. Amri perl imebaki kwa mwenyewe. Walichelewa, lakini waliona kwamba kumpa mtoto jina lake si kumnyima urithi.

Kwetu pwani tunalo jambo la kuwafundisha wataalamu hawa. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Wanavyuoni hutaja hekima nyingi za eda. Mojawapo ni kwamba nasaba isichanganyike, ijulikane mtoto ni wa nani. Hakuna anayesema kwamba mjane asiolewe milele. Linalosemwa ni kwamba baina ya aliyetangulia na anayefuata pawe na muda mtupu, na muda huo una kazi yake.

Nasema jina nalo likae eda. Toleo likistaafishwa, amri yake isiende kwa mtu. Wala isiwe kimya kitupu, ijibu kwa maneno, iseme: "Uliyemwita amestaafu. Unamtaka python2 au python3?" Basi. Kila faili lililosahaulika litagonga mlango huo, litapiga kelele, na mwenye nalo ataitwa alitazame kabla halijaandika uongo. Na eda hiyo iwe ndefu kiasi gani? Isiwe chini ya umri wa kompyuta moja ya chama cha wakulima. Ile ya kwetu ilidumu miaka 12.

Nilipomweleza mtunza ghala haya yote, tukiwa tumekaa kwenye benchi lake lilelile, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza yule wa zamani alikufa lini. Nikamwambia, tarehe 1 Januari 2020.

"Na huyu mwingine akapewa jina lini?"

Nikamwambia kwamba mahali pengine alipewa zaidi ya miaka tisa kabla ya kifo, na pengine miezi miwili tu kabla.

Akatikisa kichwa. "Hata arobaini hawakungoja," akasema, akafungua daftari lake, akaendelea kuandika vijiti vitano vitano.

Daftari hilo analo hadi leo, na kamati sasa imeagiza lilinganishwe na mashine kila Ijumaa. Mashine ikitofautiana nalo, huitwa mimi kwanza, si yeye.